Kwetu hakuna, na bado ni ya jeni

“Kwetu hakuna mwenye hali hii, kwa hiyo haiwezi kuwa ya jeni.” Kauli hii imenifikia tena, safari hii kutoka kwa mhudumu wa afya aliyekuwa akizungumzia mtoto aliyechelewa kukua, na papo hapo ikafuatwa na nyingine: ikiwa ni ya jeni, basi imetoka upande wa mama. Zote mbili si kweli, na ya pili inavunja ndoa.

Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya ya vinasaba yapatayo 60 hadi 70, ambayo mama hana na baba hana. Mengi hutokea mbegu ya kiume au yai linapotengenezwa: seli inanakili vinasaba vyake, vilivyoandikwa kwa herufi nne za kikemia (A, C, G na T), na herufi moja inakosewa. Karibu yote hayadhuru. Mara mojamoja badiliko huangukia ndani ya jeni ambayo ubongo unaokua unazihitaji nakala zake zote mbili, kama ARID1B au SYNGAP1. Hapo utamkuta mtoto aliyechelewa kukaa, aliyechelewa kusema, pengine ana kifafa au usonji, na ukoo mzima hauna historia yoyote.

Kwenye skrini ya kompyuta, tunapolinganisha vinasaba vilivyosomwa kwa vipande vifupivifupi, jambo hili linaonekana waziwazi. Safu tatu: mama, baba, mtoto. Mahali palepale, kila kipande cha wazazi kilichosomwa kina C. Kwa mtoto, karibu nusu ya vipande vina T. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliotoka mwaka 2017 ulichunguza familia zaidi ya 4,000 zenye watoto wenye matatizo makubwa ya ukuaji, ukakadiria kwamba asilimia 42 ya watoto hao walikuwa na badiliko jipya lenye madhara.

Sasa huyo mama anayelaumiwa. Takriban manne kati ya matano ya mabadiliko haya ya herufi mojamoja hutoka kwenye mbegu za baba, kwa sababu seli zinazozizalisha huendelea kugawanyika maisha yake yote, na idadi hupanda kadiri umri wake unavyosonga. Sisemi hivi ili lawama ihamie kwa baba! Kromosomu ya 21 ya ziada kwenye sindromu ya Down, kwa mfano, mara nyingi hutoka kwenye yai. Hakuna aliyekosa katika hali yoyote kati ya hizi.

Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ina njia nyingine. Sehemu kubwa ya hatari hubebwa na tofauti ndogondogo maelfu ambazo sote tunazo kwa viwango mbalimbali. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulibainisha maeneo 287 ya jenomu (vinasaba vyote vya mtu) yanayohusiana na hatari hiyo. Hizi hurithiwa, tena pande zote mbili, kutoka kwa wazazi ambao wao wenyewe ni wazima. Kisha kuna upungufu wa 22q11.2, yaani kukosekana kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22: mara nyingi ni mpya kwa mtoto, na karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye nao hupata saikosisi, yaani kupoteza mguso na uhalisia. Mwingine ana tatizo la moyo, mwingine kaakaa, na wapo wanaogundulika kuwa nao baada ya mtoto wao kupimwa.

Linalonisumbua ni tunavyojibu swali la “na mtoto ajaye?” Tunasema uwezekano ni kama asilimia moja. Huo ni wastani. Kuna baba ambaye sehemu ya mbegu zake ina badiliko lilelile, na hatari yake ni kubwa zaidi. Damu yake inaweza isionyeshe chochote. Na tunapoandika “umuhimu haujulikani” kwenye ripoti, yaani hatujui kama badiliko lina madhara, mara nyingine tatizo ni kwamba hazina za data tunazolinganisha nazo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko linaloonekana adimu humo huenda ni la kawaida kabisa kwa watu wa asili nyingine.

Kwa hiyo, ikiwezekana, toeni sampuli tatu, ya mama, ya baba na ya mtoto, si ya mtoto peke yake. Na jibu likirudi bila hakika, baada ya mwaka au miwili ombeni data ileile isomwe upya: jeni mpya zinaendelea kutambuliwa, na wapo watoto wanaopata jibu bila kuchomwa sindano nyingine.