Je, wajua kwa nini mzozo wa muhula wa tatu Bujumbura ulijaza uwanja wa mpira Kigoma?

Mei 2015, Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma haukuwa na mechi. Ulikuwa na familia za Warundi zilizoshuka melini na mabegi, magodoro, masufuria na watoto mgongoni, zikisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Nchi yao haikuwa vitani siku zile. Ugomvi wenyewe, ukiufuata hadi kwenye shina lake, ulihusu hesabu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeiweza: Rais Pierre Nkurunziza alikuwa amemaliza muhula mmoja au miwili?

Hesabu hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake kubwa iko Tanzania. Burundi iliingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya Oktoba 1993, wanajeshi walipomuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia, akiwa madarakani kwa miezi michache tu. Mazungumzo ya kumaliza vita hivyo yalifanyika Arusha. Mwalimu Nyerere aliyasimamia hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Ndani yake kuna sentensi ambayo baadaye ilisomwa na kusomwa tena: rais anachaguliwa kwa miaka mitano, kipindi hicho kinaweza kurudiwa mara moja tu, na hakuna mtu atakayetumikia zaidi ya mihula miwili.

Waliokaa mezani walijua kwa nini wanaiweka. Kwao, rais asiye na tarehe ya kuondoka alikuwa chanzo cha vita, maana waliobaki nje ya Ikulu wangeona hakuna njia nyingine ya kuingia isipokuwa bunduki.

Tatizo lilianza Katiba ilipoandikwa mwaka 2005. Ibara ya 96 ilisema rais anachaguliwa kwa kura za wananchi moja kwa moja, kwa miaka mitano, inayoweza kurudiwa mara moja. Ibara ya 302 ikaweka utaratibu wa pekee: kwa mara ile ya kwanza tu, baada ya kipindi cha mpito, rais achaguliwe na wabunge na maseneta. Ndivyo Nkurunziza alivyoingia Agosti 2005. Mwaka 2010 alirudi, safari hii kwa kura za wananchi, vyama vikubwa vya upinzani vikiwa vimesusa.

Ilipofika 2015, wafuasi wake wakasema: Ibara ya 96 inahesabu kura za wananchi. Kura hizo amezipigiwa mara moja, 2010. Kwa hiyo huu ni muhula wake wa pili. Wapinzani, viongozi wa Kanisa Katoliki na asasi za kiraia wakajibu kwamba mtu aliyekaa Ikulu miaka kumi amekaa mihula miwili, awe aliingia kwa mlango wa bunge au wa wananchi.

Hoja ya wafuasi wa rais haikuwa ya kutungwa hewani. Maneno ya Katiba, ukiyasoma peke yake, yanaiacha ipumue. Lakini sentensi ya Arusha haiulizi mtu alichaguliwaje. Inauliza ametumikia mara ngapi, na ndiyo iliyozaa hiyo Katiba. Tena kuna jambo lililotokea Machi 2014 ambalo kwangu ni zito kuliko mabishano yote ya wanasheria. Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya Katiba ambayo yangemfungulia rais njia ya kugombea tena. Zilihitajika kura 85 kati ya 106. Yakakwama kwa kura moja. Chama tawala, CNDD-FDD, kiliposhindwa kupita kwenye mlango huo, kikasema mwaka uliofuata kwamba mlango haukuhitajika.

Tarehe 25 Aprili 2015 chama kilimpitisha kuwa mgombea. Kesho yake vijana wakaingia barabarani Bujumbura. Mapema Mei Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba anaruhusiwa kugombea, ila makamu wa rais wa mahakama hiyo, Jaji Sylvère Nimpagaritse, alikuwa amekimbilia Rwanda akisema majaji walishinikizwa. Uamuzi uliokusudiwa kumaliza ubishi ukaupa moto zaidi.

Tarehe 13 Mei marais wa Afrika Mashariki walikutana Dar es Salaam kuujadili mgogoro huo. Nkurunziza alikuwepo. Akiwa huko, Meja Jenerali Godefroid Niyombare, mkuu wa zamani wa usalama wa taifa aliyekuwa ametimuliwa Februari, akatangaza redioni kwamba rais ameondolewa. Watu walishangilia mitaani kwa saa chache. Jeshi likagawanyika, mapigano yakazuka kwenye jengo la redio ya taifa, na kufikia tarehe 15 mapinduzi yalikuwa yameshindwa. Redio binafsi zilizokuwa zikisikilizwa na watu wengi, kama RPA, Isanganiro na Bonesha, zilishambuliwa na kufungwa. Hili la redio lisipuuzwe. Kijijini, redio ikinyamaza, kinachobaki ni uvumi, na uvumi ndio unaomfanya mtu afunge mzigo usiku.

Sasa, kwa nini Kigoma?

Jibu la haraka ni ramani: mkoa wetu unapakana na Burundi kuanzia ziwani hadi Kakonko. Lakini ramani haielezi kwa nini maelfu walikuwa wameshavuka hata kabla ya jaribio la mapinduzi. Hilo linaelezwa na kumbukumbu. Mwaka 1972 utawala wa Michel Micombero uliua watu wengi sana, hasa Wahutu waliosoma, na waliosalimika wakaja huku. Serikali ya Tanzania ikawapa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Waliofyeka msitu wa Ulyankulu wakalima tumbaku na mahindi walizaa watoto na wajukuu palepale, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wa mwaka ule walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Kisha ikaja 1993, wakaja wengine. Kwa hiyo mzee wa Makamba au Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, aliyesikia mwaka 2015 kwamba vijana wa Imbonerakure, tawi la vijana la chama tawala, wanapita usiku kutisha watu, hakuhitaji kuona maiti ndipo aondoke. Mara mbili alikwishaona mwanzo unavyofanana. Na upande huu kuna Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba mgeni anaomba maji na kupewa bila mkalimani.

Wengi waliovukia upande wa ziwani waliishia Kagunga. Asiyepafahamu aelewe palivyo: ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Nyuma yake milima mikali, mbele yake Ziwa Tanganyika, na katikati ukanda mwembamba wa mchanga. Kutoka Burundi unaingia kwa miguu. Kutoka hapo kwenda Kigoma mjini, kwa watu wengi kiasi kile, njia ilikuwa maji tu. Katikati ya Mei ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya 50,000 wamejazana kwenye ufukwe huo.

Chombo kikubwa kilichokuwepo ni MV Liemba. Meli hii Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaileta hadi Kigoma na kuiunga upya. Iliingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria, dagaa na magunia hadi Mpulungu, Zambia. Ilichukua abiria wapatao 600. Piga hesabu: watu 50,000 kwa meli ya watu 600 ni safari zaidi ya 80. Na Kagunga wakati ule haikuwa na gati ya kutumia. Liemba ilisimama mbali na ufukwe, boti za wavuvi zikabeba watu kutoka mchangani, zikasogea ubavuni mwa meli, kisha mtu akavutwa juu: mjamzito, bibi kizee, mtoto anayelia. Boti iliporudi tupu, ufukweni walikuwa wameongezeka wengine walioshuka mlimani.

Kipindupindu hakikukawia. Watu walilala, walipika, walifua na kujisaidia pembezoni mwa maji yaleyale waliyokunywa. Ugonjwa huu unaua kwa kukausha mwili. Mgonjwa anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na asipopata ORS (dawa ya kunywa ya chumvi na sukari iliyochanganywa na maji) au dripu anaweza kufa ndani ya saa chache. Tiba yake ni rahisi na ya bei ndogo, lakini inahitaji maji safi, na maji safi ndiyo yaliyokosekana. Kabla Mei haijaisha wagonjwa walifikia maelfu na waliokufa walipita 30, wakiwemo Watanzania. Tunapozungumzia mzozo wa Katiba huwa tunawahesabu waliopigwa risasi barabarani. Hawa wa Kagunga nao ni wa hesabu hiyohiyo, na inaniuma kuona jinsi wanavyosahaulika.

Uchaguzi ulifanyika Julai 21 mwaka uleule, na Nkurunziza akatangazwa mshindi kwa asilimia 69. Wakimbizi hawakurudi. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika hadi kuwa moja ya kambi kubwa duniani, na Nduta kule Kibondo na Mtendeli kule Kakonko zikafunguliwa upya. Mazungumzo ya upatanishi alipewa Rais Museveni, kisha mzee Mkapa akayaendesha tangu 2016, bila kufika popote. Kufikia 2017 Warundi walioko Tanzania walikuwa zaidi ya laki mbili.

Mwaka 2018 kura ya maoni ilibadili Katiba na kurefusha muhula hadi miaka saba. Wengi walidhani Nkurunziza angeendelea, lakini hakugombea. Evariste Ndayishimiye wa chama chake alishinda Mei 2020, na makabidhiano yalipangwa Agosti. Tarehe 8 Juni Nkurunziza akafariki ghafla. Kukawa na siku kadhaa za wasiwasi: je, Spika Pascal Nyabenda akaimu, au rais mteule aapishwe mapema? Mahakama ya Katiba ikaamua aapishwe bila kusubiri, na tarehe 18 Juni Ndayishimiye akala kiapo Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Safari hii ubishi huo haukuzaa wimbi la wakimbizi.

Ile hesabu ya 2015 ilipata jibu lingine Novemba 2021. Asasi za kiraia zilikuwa zimeifikisha mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, na kwa mara ya kwanza zikashindwa. Zikakata rufaa, na kitengo cha rufani kikaamua kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi uliomruhusu Nkurunziza kugombea ulikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Makubaliano ya Arusha yaliweka mihula miwili na si zaidi. Mwenyewe aliyeugombea muhula huo alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja na nusu kabla yake. Mwaka huohuo kambi ya Mtendeli ilifungwa na waliobaki wakahamishiwa Nduta, ambako pamoja na Nyarugusu makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa bado wanaishi, wakiwemo watoto waliozaliwa Kigoma baada ya Liemba kuwashusha mama zao.