Kinga si onyo

Julai iliyopita nilikaa kwenye kikao cha wazazi, viti vya plastiki chini ya mwarobaini, nikamsikia mwalimu wa malezi akitutangazia kwamba shule "imeshatoa kinga ya madawa ya kulevya" kwa darasa la sita na la saba. (Ni dawa za kulevya, si madawa, lakini hilo nitalisemea siku nyingine.) Kinga yenyewe ilikuwa saa moja na nusu, tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya vita dhidi ya dawa hizo. Mgeni alikuja na picha: mkono ulioharibika kwa sindano, teja amelala mtaroni, kete, vile vifurushi vidogo vya dawa, zimepangwa mezani kama pipi. Jioni ile binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa ananimenyea vitunguu. Akaniuliza, "Baba, kete moja shilingi ngapi?" Asubuhi yake neno hilo alikuwa halijui.

Siku hizi kila kitu ni kinga. Kupekua mabegi getini, kinga. Kupima mkojo, kinga. Nimemsikia hata mzazi akisema amempeleka kijana wake soba, nyumba ya waraibu wanaojaribu kuacha, "kwa ajili ya kinga", baada ya miaka mitatu ya kutumia heroini.

Maana yake ni fupi. Kinga ni kazi inayofanywa mapema ili mtoto asianze kutumia kilevi, au achelewe kuanza, na aliyekwisha kuonja asifike kwenye uraibu. Pombe na sigara zimo, tena ndizo watoto wengi huanza nazo. Soba ni mahali pa kupata nafuu, na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, iliyofunguliwa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 ni tiba. Ni kazi kubwa zote mbili, zina majina yake.

Ninachotaka kukisemea hasa ni kitenzi. Kukinga ni neno la watu wanaoijua mvua. Bibi yangu, wingu likianza kuwa zito upande wa baharini, alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni: "Kingeni ndoo!" Tunakimbia na ndoo, masufuria, hata beseni la kufulia, tunapanga chini ya mchirizi wa bati. Sasa tazama yaliyomo humo. Kinachokingwa kinakuja, hakuna aliyewahi kutega ndoo akidhani atasimamisha mvua. Kusimamisha ni kuzuia, na hiyo ni kazi ya polisi, forodha na sheria, kama ilivyofanyika viroba, pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Tanzania mwezi Machi 2017. Halafu ndoo hutangulia. Ukiamka usiku maji yameshaingia sebuleni, hapo hukingi, unadeki.

Na tukisema kinga ya mwili tunamaanisha kitu kilichomo ndani ya mtu mwenyewe, anachotembea nacho hadi mahali ambapo mama hayupo.

Onyo ni ukoo mwingine. Kuonya kumetoka kwenye kuona: unamwonya mtu kwa kumfanya aone. Ndiyo maana onyo halikosi picha. Lina kazi yake, sikatai. Mtu mzima anayejua njia panda iko wapi anahitaji kibao. Lakini mtoto anayeonyeshwa kete ameona kete, basi. Hajapewa la kumjibu rafiki yake siku atakapoambiwa nyuma ya choo cha shule, "vuta kidogo, au unaogopa mama?"

Wamarekani walilipa ada kubwa kujifunza tofauti hii. Mwaka 1983 huko Los Angeles ulianzishwa mpango wa D.A.R.E., polisi mwenye sare akiingia darasani kufundisha, ukaenea karibu nchi nzima. Wazazi waliupenda, polisi waliupenda. Tafiti za miaka ya 1990 zilipowalinganisha wanafunzi waliopitia mpango huo na wasiopitia, tofauti katika utumiaji ilikuwa ndogo mno au haikuwepo kabisa. Baadaye waandaaji wenyewe walibadili mtaala.

Linganisha na mpango mwingine wa huko huko Marekani, wa Chuo Kikuu cha Iowa State, wa familia zenye watoto wa miaka 10 hadi 14. Ni wiki saba, saa mbili kila wiki. Saa ya kwanza wazazi wana chumba chao na watoto chao. Saa ya pili wanakaa pamoja. Wazazi wanajifunza kuweka masharti bila kufoka, na kuonyesha upendo bila kulegeza masharti. Watoto wanajifunza kumeza hasira, kuelewa mzazi anahangaikia nini, na kuelekea mwisho, kukataa shinikizo la marafiki bila kuwapoteza wote. Ungechungulia dirishani wiki ya pili ungedhani ni semina ya malezi. Vilevi vinatajwa kwa nafasi yake, havitawali mazungumzo. Ndoo inategwa mvua ingali mbali.

Mwenyekiti wa kamati alifunga kikao chetu kwa methali: "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Makofi. Sikutaka kumharibia, ila kinga ile ni neno jingine kabisa: ni kijinga, kipande cha kuni chenye moto, na methali inataka vijinga viwili vigusanishwe ndipo uwake. Amekosea neno, amepatia jambo, maana shule peke yake ni kijinga kimoja kinachofuka moshi, na nyumbani hali kadhalika.

Kwa mwalimu wa malezi, ambaye namheshimu na ndiye aliyetuchemshia chai siku ile: ile ya Juni iite onyo, haina ubaya. Ukitaka kuandika kinga kwenye ratiba, tutafutie vyumba viwili Jumamosi saba, kimoja cha wazazi na kimoja cha watoto. Viti tutabeba wenyewe.