Wizi wa Utambulisho: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba asiye na mali hana cha kuibiwa. Ukweli ni kwamba mwizi wa utambulisho hatafuti fedha zako tu. Anatafuta jina safi la kuombea mkopo, kusajilia laini ya simu au kufungulia akaunti ya kupitishia fedha haramu, kisha deni na tuhuma zimwangukie mwenye jina. Ndiyo maana hata watoto hulengwa: hakuna anayekagua kumbukumbu za mikopo za mtoto, na udanganyifu unaweza kudumu miaka mingi hadi atakapokua na kuomba mkopo wake wa kwanza.

Wengine huamini kwamba mtu mwangalifu hawezi kuibiwa. Uangalifu unasaidia, lakini taarifa zetu nyingi hazimo mikononi mwetu. Zimo benki, hospitalini, kwa waajiri na katika kampuni za simu. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo hukusanya kumbukumbu za mikopo za watu, ilidukuliwa na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa kupitia dosari ya programu ambayo marekebisho yake yalikuwa yamekwisha kutolewa. Wahanga hao hawakubofya kiungo chochote cha hatari, na wengi hawakuwahi kuikabidhi kampuni hiyo taarifa zao kwa hiari. Kwa hiyo, pamoja na kujilinda, inafaa kupunguza unachotoa, kwa mfano kukataa kuacha nakala ya kitambulisho mahali ambapo kukionyesha tu kungetosha, na kukagua miamala mara kwa mara ili wizi ugundulike mapema.

Kuhusu nywila, kosa kubwa si wepesi wake bali ni kuirudia. Wadukuzi huchukua nywila zilizovuja katika tovuti moja na kuzijaribu kwa mashine katika tovuti nyingine nyingi, hivyo nywila ngumu inayotumika kila mahali huwa na nguvu ya tovuti dhaifu kuliko zote ulizojisajili. Kila akaunti iwe na nywila yake, zikitunzwa katika programu ya kuhifadhi nywila. Barua pepe ipewe kipaumbele, kwa kuwa anayeimiliki anaweza kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine karibu zote. Ama ile desturi ya kubadilisha nywila kila baada ya miezi kadhaa, Taasisi ya Kitaifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilishauri mwaka 2017 iachwe isipokuwa pana dalili ya kuvuja, na kwa maoni yangu ilichelewa, maana desturi hiyo iliwafundisha watu kuongeza tarakimu moja tu mwishoni.

Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS nayo huonwa kuwa kinga kamili. Ni bora kuliko kukosa kabisa hatua ya pili ya uthibitisho baada ya nywila, lakini tapeli anayemshawishi mhudumu wa kampuni ya simu ahamishie namba yako ya simu kwenye laini ya tapeli huyo atazipokea namba hizo za uthibitisho yeye. Programu ya simu inayozalisha namba za uthibitisho haitegemei laini, hivyo ni salama zaidi. Simu ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, wasiliana na kampuni ya simu na benki papo hapo kwa kutumia simu nyingine.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari haithibitishi uaminifu wa tovuti. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti za kitapeli nazo huwa nayo.

Mwisho, wapo wanaodhani kwamba benki ikirudisha fedha mambo yamekwisha. Taarifa zilizovuja hazirudi, na mwizi anaweza kuzitumia tena baada ya miezi kadhaa. Toa taarifa polisi na utunze nakala yake, kwa sababu wakopeshaji wanaweza kuihitaji kabla ya kukufutia deni usilolikopa.