Rezolusheni si wingi wa pikseli

Juzi nimemsikia tena muuzaji wa vifaa vya maabara akimwapia mteja kwamba kamera ya megapikseli 20 "itaongeza rezolusheni" ya hadubini yake. Mteja akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, na hadi leo linanikera.

Rezolusheni ni umbali mdogo kabisa kati ya nukta mbili ambao bado unaziona kuwa mbili. Zikikaribiana zaidi ya hapo, unaona doa moja. Basi.

Neno lenyewe, resolution kwa Kiingereza, ndilo lililotuponza. Mzizi wake ni Kilatini, solvere, kufungua kilichofungamana. Mzizi huohuo ndio ulioipa mikutano maazimio yake, ndiyo maana programu za kutafsiri hukuletea "azimio la hadubini", utadhani lilipitishwa Arusha mwaka 1967. Mimi husema upambanuzi. Na "sampuli" nayo ina mtego wake: kwa mtu wa maabara ni damu iliyo kwenye kioo, kwa mtu wa picha ni mwanga ambao kila pikseli inauchota kutoka kijisehemu chake.

Upambanuzi unaamuliwa na lenzi pamoja na mwanga. Ernst Abbe, mwanafizikia Mjerumani, alilieleza hilo mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, ugawanye kwa mara mbili ya ile namba ndogo iliyochorwa ubavuni mwa lenzi. Lenzi ya mafuta inayokuza mara 100, yenye namba hiyo 1.25, kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), inakomea nanomita 220. Kamera inatakiwa kuchota walau mara mbili ndani ya umbali huo. Picha ikiwa imekuzwa mara 100, pikseli ya mikromita 11 (mikromita moja ni nanomita 1,000) inatosha, na kamera nyingi za leo zina pikseli ndogo kuliko hiyo. Matundu ya wavu yakiwa makubwa dagaa wanapita, lakini ukiyabana kupita kiasi huongezi samaki baharini.

Cha ajabu, lenzi ya 4 yenye 0.10, ile tunayoidharau, inadai pikseli ndogo kuliko hiyo ya 100: mikromita 5.5.

Kwa hiyo, kaka muuzaji, kamera yako iuze tu. Sema ina pikseli nyingi, ni kweli. Ila mteja akiuliza habari za upambanuzi, mgeuzie lenzi asome ubavuni.