Je, wajua? Slay the Spire 2 ilihama injini bila kuanza upya

Wengi wakisikia mchezo wa kompyuta umebadilishwa injini, yaani programu ya msingi unayojengewa, ukiwa bado jikoni, huhesabu kwamba kazi yote imetupwa. Kwa mchezo wa karata kama Slay the Spire 2, sivyo.

Mega Crit, studio ndogo ya Seattle, Marekani, ilikuwa na zaidi ya miaka 2 ikijenga mchezo huo kwa injini iitwayo Unity. Septemba 2023 Unity ikatangaza ada: ukishavuka kiwango fulani cha mapato na watumiaji, unalipia kila mara mchezo wako unaposakinishwa, hata kama ulitoka zamani. Mega Crit ikasema hadharani kwamba hilo lisipofutwa itahama. Aprili 2024 mchezo ulipotangazwa, tayari ulikuwa wa Godot, injini ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) yenye asili ya Argentina.

Injini ni kama meza, na kanuni za mchezo ziko juu yake. Chukua karata ya Strike ya mchezo wa kwanza: unalipa nishati 1, adui anapungukiwa uhai 6. Adui akiwa katika hali ya Vulnerable, yaani kinga yake imelegea, pigo huongezeka kwa asilimia 50, linakuwa 9. Hesabu hiyo haijui imelala kwenye meza gani. Tena Unity hutumia lugha ya programu ya C#, na Godot nayo inaikubali, kwa hiyo msimbo wa aina hii unaweza kuhamishwa bila kuvunjwavunjwa. Kinachochongwa upya ni meza yenyewe: karata zinavyojipanga kwa upinde chini ya skrini, karata moja inavyoinuka ukiisogelea na kipanya, mshale unaojikunja kumwelekea adui, sauti, moshi wa pigo. Hiyo si kazi ya wikendi.

Lakini unafuu huo huja tu ikiwa hesabu zilitenganishwa na picha tangu mwanzo. Ile 6 ikiwa imezikwa ndani ya msimbo wa kuchezesha picha, itabidi ifukuliwe, karata baada ya karata. Na mchezo wa magari, ambao msuguano na migongano yake huachiwa injini, ungepata taabu zaidi.

Wengine husema Mega Crit walifuata injini ya bure. Hoja nzito zaidi ni leseni. Godot hutolewa kwa leseni ya MIT: toleo ulilonalo mkononi ni halali kwako kulitumia na kulirekebisha, na hakuna atakayerudi kesho kukudai ada juu yake. Unity iliifuta ada yake Septemba 2024, miezi kadhaa baada ya mchezo kutangazwa kwenye Godot.

Na kwa wanaodhani Mega Crit ndiyo kwanza inaonja chanzo huria: Slay the Spire ya kwanza, iliyokamilika 2019, iliandikwa kwa lugha ya Java juu ya libGDX, zana ya kujengea michezo ambayo nayo ni huria. Unity ndiyo iliyokuwa mgeni.