Anotesheni ya mchoro si kukuza maandishi

"Herufi hazisomeki, weka anotesheni." Sentensi hiyo inasikika mno katika ofisi za uchoraji hapa Tabora, na anayeisema mara nyingi anamaanisha kitu kimoja tu: yakamate maandishi, yaongeze ukubwa. Hiyo si anotesheni.

Anotesheni ni kila kilichomo kwenye mchoro ambacho hakitajengwa: majina ya vyumba, vipimo, mishale yenye maelezo, alama za kata (mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa), namba za viwanja. Ukuta utajengwa. Neno JIKO halitajengwa. Maana inaishia hapo, na tatizo linaanzia hapo hapo, kwa sababu vitu hivi viwili vina ukubwa wa aina mbili.

Ukubwa wa ukuta ni wa ardhini. Tofali la milimita 230 unalichora 230, uchapishe kwa skeli yoyote (skeli ya 1:100 maana yake milimita moja ya karatasi ni 100 za ardhini). Ukubwa wa herufi ni wa karatasini. Kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro, ISO 3098, kimepanga vimo vya herufi hivi: milimita 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea. Maelezo ya kawaida huwa 2.5, vichwa vya michoro 5. Hayo ni macho ya msomaji, hayahusiani na nyumba ni ndogo au ni ghala la tumbaku.

Zamani mchoraji alikuwa anapiga hesabu mwenyewe. Ramani ya 1:100 iliyochorwa kwa milimita: 2.5 mara 100, herufi zinaandikwa kwa kimo cha 250. Mpima anayechora kwa mita kwa ajili ya 1:2500 anaandika 6.25. Hesabu hiyo ni sahihi mpaka siku leiauti moja, yaani ukurasa mmoja wa kuchapa, inapobeba skeli tatu. Herufi ya 250 ikiingia kwenye kata ya msingi ya 1:20 inatoka milimita 12.5, imefunika nondo na ringi zote. Ikiingia kwenye ramani ya kiwanja ya 1:500 inatoka nusu milimita, vumbi tupu. Ndipo watu wanakopi maandishi mara tatu kwenye leya (tabaka za mchoro) tatu, kisha mteja anabadilisha stoo kuwa choo, na nakala moja inasahaulika.

AutoCAD ya 2008, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ilileta maandishi ya anotativu, yaani yanayopangiwa ukubwa kwa kufuata skeli, kwa ajili ya shida hiyo. Kwenye mtindo wa maandishi (amri STYLE) unaweka tiki ya Annotative na kuandika kimo cha karatasini, 2.5. Unachagua skeli ya anotesheni chini kulia, 1:100, ndipo unaandika. Programu inapiga hesabu ya 250 yenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapotelea: anotativu haimaanishi kwamba herufi zinajua skeli zote. Kila andishi linabeba orodha ya skeli zake, na dirisha la leiauti (fremu inayoonyesha mchoro kwa skeli yake) ambalo skeli yake haimo kwenye orodha hiyo linaweza kutolionyesha kabisa. Kwa hiyo malalamiko ya "maandishi yamefutika kwenye 1:20" yana dawa: chagua andishi, toa amri OBJECTSCALE, ongeza 1:20. Sasa linaonekana kotekote kwa milimita 2.5, na unaweza kulisogeza kwenye 1:20 bila kuligusa la 1:100. Kuwasha uongezaji wa skeli wa moja kwa moja (ANNOAUTOSCALE) ni njia ya mkato yenye gharama, maana kila skeli unayoijaribu inabandikwa kwenye maandishi, na baadaye kuyasafisha ni kazi ya mchana mzima.

Ukiliongeza andishi la anotativu kwa amri SCALE, ukubwa wake haubadiliki, linasogea tu; ukibadilisha kimo chake cha karatasini, kimebadilika kwa skeli zake zote. Umetibu kata ya msingi, umeharibu ramani ya sakafu.

Kosa jingine halitoki kwenye maandishi. Dirisha la leiauti lisipofungwa kufuli, mtu anazungusha gurudumu la mausi akiwa ndani yake, 1:100 inakuwa 1:97 na ushee, na skeli ya anotesheni inabaki 100. Herufi zinatoka kubwa kidogo, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba fundi ataweka rula juu ya ramani isiyo na skeli. Funga kufuli kwanza.

Halafu kuna stationari. Mchoro umepangwa kwa karatasi kubwa ya A1, mashine iliyopo inaishia A3, wanauchapa "ujae karatasi". Kutoka A1 hadi A3 kila urefu unakuwa nusu: herufi zako za 2.5 sasa ni 1.25, na 1:100 iliyoandikwa pembeni ni 1:200 kwa kweli. Hapo hakuna anotesheni itakayokuokoa. Panga leiauti ya A3 tangu mwanzo, na uchore mstari wa skeli, maana wenyewe unapungua pamoja na mchoro.

Na yale maelezo ya jumla, zege la mchanganyiko wa 1:2:4, kina cha msingi, aina ya bati? Yaandike moja kwa moja kwenye leiauti kwa 2.5, nje ya madirisha. Huko karatasi ni 1:1, hayana skeli ya kufuata. Anayeyageuza kuwa anotativu hajaharibu kitu, ila amejiongezea kazi.