Je, wajua kwa nini kihisi cha msuli, yaani kifaa kinachopima umeme wa msuli, hubandikwa sehemu tatu?

Kunja mkono wako kama unayenyanyua ndoo, msuli wa juu ukaze. Kabla haujakaza, tayari umeme umeshapita humo. Amri ya ubongo ikishuka kwa neva hadi kwenye msuli, wimbi dogo la umeme husafiri kwenye nyuzi zake kwa kasi ya kama mita 4 kwa sekunde, na sehemu ndogo ya umeme huo hufika hadi juu ya ngozi. Mwaka 1849 Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliupima kwenye mkono wa binadamu, na ili aupate vizuri ilibidi kwanza ngozi itiwe lengelenge na kubanduliwa. Leo mwanafunzi anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaa mkononi kinachofanya kazi hiyohiyo bila kumchubua mtu.

Kazi ngumu ni kuutenga umeme huo na mwingine. Juu ya ngozi hauzidi milivolti chache, na betri ya saa ya ukutani pekee ina milivolti 1,500. Tena ukiwa ndani ya nyumba, mwili wako unadaka mtetemo wa nyaya za ukutani, ambao kwetu ni wa hezi 50 (mara 50 kwa sekunde), na mara nyingi mtetemo huo huuzidi kabisa umeme wa msuli. Kuuchuja tu hakutoshi, kwa sababu ishara ya msuli yenyewe iko kati ya hezi 20 na 500. Kelele imekaa katikati ya kile unachokitafuta!

Hapo ndipo vibandiko viwili vya kwanza, yaani vipande vinavyonata kwenye ngozi na kunasa umeme, vinapofanya kazi yao, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Huwekwa juu ya msuli, umbali wa sentimita 2 hivi, vikifuata urefu wa nyuzi. Kelele ya nyumba huvifikia vyote kwa pamoja na kwa kiasi karibu sawa. Wimbi la msuli hukifikia kimoja kwanza, kisha kingine baada ya takriban milisekunde 5. Amplifaya, yaani kikuza ishara, huondoa kipimo cha kimoja kwenye kipimo cha kingine: kilicho sawa kinajifuta, kinachotofautiana kinabaki, na hicho hukuzwa kama mara 1,000. Ndiyo maana vibandiko havifai kukaa pande mbili za pale neva inapoingilia msuli. Kutoka hapo mawimbi hukimbilia pande zote mbili, yakavifikia vibandiko wakati mmoja, nayo yakafutwa pamoja na kelele.

Cha tatu huwekwa pasipo na msuli, kwa mfano kwenye mfupa wa kiwiko. Hicho huipa saketi sifuri ya kupimia. Kikibanduka, vipimo huyumba ovyo.

Ishara iliyokuzwa hupanda juu na chini ya sifuri, kwa hiyo ukitafuta wastani wake utapata karibu sifuri hata msuli ukiwa umekaza kweli. Programu hugeuza sehemu za chini kuwa za juu, halafu inalainisha. Kinachobaki ni kilima kinachoinuka unapokaza na kushuka unapolegeza. Ngozi ifutwe kwa spiriti kwanza, maana mafuta na jasho huharibu yote. Na kifaa kitumie betri, kipeleke data kwa bluetooth. Kamwe usikiunganishe na kompyuta iliyochomekwa ukutani wakati kimebandikwa mwilini.

Usiichukue namba inayotoka kuwa ndiyo nguvu ya mtu. Mafuta chini ya ngozi huipunguza, na msuli ukichoka inaweza kupanda ilhali mzigo ni uleule. Hivyo kila anayevaa hukaza kwanza kwa nguvu zake zote, na vipimo vyake vingine hulinganishwa na kipimo hicho cha kwanza.

Mtu aliyekatwa mkono chini ya kiwiko mara nyingi hubaki na misuli iliyokuwa ikikunja na kunyoosha vidole. Jozi moja ya vibandiko mbele ya kigutu na nyingine nyuma zinatosha kuufumba na kuufumbua mkono wa bandia.